Fomu ya wasia ya WhatsApp haivuki Kasumbalesa

Kwenye grupu ya WhatsApp ya msikiti wetu hapa Lubumbashi kuna fomu ya wasia wa Kiislamu inayozunguka. Kurasa chache za Kiingereza, juu Bismillahi, chini nafasi ya mashahidi wawili. Kila Ramadhani ikikaribia mtu anaifufua na kuandika: "Ndugu zangu, jazeni kabla mauti hayajabisha hodi." Kisha simu yangu inaanza kulia, maana watu wanajua kazi yangu ni karatasi. Papa, nikiisaini hii inatosha? Nina lupango (kiwanja) Ruashi, nina kitu kidogo Zambia, mtoto yuko Ubelgiji. Inatosha?

Haitoshi. Na kwa baadhi yetu kuisaini ni hatari kuliko kuiacha. Nimechoka kujibu mtu mmoja mmoja, acha niandike hapa mara moja.

Kwa wasionijua, mimi ni deklaranti wa forodha, natengeneza karatasi za mizigo inayovuka mpaka. Maisha yangu yameishia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwenye foleni ya malori ya shaba yanayoshuka Zambia kuelekea Dar es Salaam au Durban. Lori ni lile lile, mzigo ni ule ule, lakini karatasi ya Kongo haifungui geti la upande wa Chililabombwe, na ya Zambia haina kazi tena ukishatoka Nakonde na kuingia Tunduma. Kila nchi inataka fomu yake, kwa lugha yake, na muhuri wake. Sisi wa kazi hii hatulalamiki. Tunatengeneza faili moja yenye karatasi kadhaa zisizopingana. Wasia wa Mwislamu mwenye mali zaidi ya nchi moja uko hivyo hivyo, na anayetafuta karatasi moja itakayosikilizwa kila mahali atachoka bure.

Ile fomu imetengenezwa kwa ajili ya watu wa Uingereza. Kule sheria inamwachia mtu mali yake: andika aende nani, mahakama itafuata. Ndugu wa karibu waliokuwa wakitegemea marehemu wanaweza kwenda kudai matunzo, basi. Afrika Kusini ni karibu sawa, na sheria yao ya wasia ni ya 1953. Kwa hiyo Mwislamu wa London au Johannesburg akiandika "mali yangu igawanywe kwa mafungu ya faraidhi", yaani mirathi ya Kurani, ameshamaliza. Ndiyo kichekesho chenyewe: wasia wa Kiislamu unakaa raha mustarehe kwenye sheria za Wazungu, halafu unapata tabu hapa kwetu, ambako babu zetu wa Kasongo walikuwa wakigawana kwa Kurani kabla Mbelgiji hajafika.

Tabu hiyo inatoka kwenye Kodi ya Familia, yaani kitabu cha sheria za familia cha Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016. Kodi hiyo haimuulizi mtu dini. Watoto wa marehemu ndio kundi la kwanza, nao wanachukua robo tatu ya mali, sawa kwa sawa, mwanamke na mwanaume, wa ndani ya ndoa na wa nje ya ndoa ambaye baba alimtambua akiwa hai. Kundi la pili lina mafungu matatu: mume au mke aliyebaki, wazazi, na ndugu wa tumbo moja au wa baba mmoja. Yakiwapo yote matatu, kila moja linapata sehemu moja ya kumi na mbili. Na ile robo tatu ya watoto hakuna wasia unaoigusa. Ukiandika kinyume chake, mtoto mmoja tu akienda mahakamani, wasia unakatwa mpaka fungu lake lirudi.

Tuweke hesabu mezani, kwa kuwa wengi wanalalamika bila kuhesabu. Mtu amekufa, ameacha dola 120,000, mke, mama yake mzazi, watoto wa kiume wawili, wa kike mmoja, na kaka zake. Kwa faraidhi mke ana thumni (moja ya nane), 15,000. Mama ana sudusi (moja ya sita), 20,000. Zinabaki 85,000: kila mtoto wa kiume 34,000, wa kike 17,000. Kaka za marehemu hawana kitu, watoto wa kiume wamewazuia. Kwa Kodi ya Familia watoto wanapata 30,000 kila mmoja, mke 10,000, mama 10,000, na kaka wanagawana 10,000.

Umeona? Watu wote wanatazama binti aliyetoka 17,000 kwenda 30,000, wanapiga kelele. Hakuna anayetazama mjane aliyeshuka kutoka 15,000 hadi 10,000, wala mama mzee aliyekatwa nusu, wala baba wadogo walioingia mlangoni wakati Kurani iliwaacha nje. Nimekaa kwenye vilio vingi vya mji huu, na anayeanza kuulizia funguo za nyumba kabla udongo haujakauka huwa ni baba mdogo. Kwa haki nitasema pia kwamba Kodi inampa mjane haki ya kuendelea kukaa na kutumia nyumba ya familia na vyombo vyake, kitu kikubwa kuliko hizo hesabu. Isitoshe, kama mlipoandikisha ndoa komini (ofisi ya manispaa) hamkuchagua utaratibu mwingine wa mali, basi mlichochuma ndani ya ndoa ni cha wawili, na nusu ya mwenzako inatoka kwanza, ndipo mirathi ianze. Katazameni cheti chenu cha ndoa. Wengi hawajui afisa wa etasivil (usajili wa raia) aliandika nini siku ile, walikuwa wanawaza pilau.

Sasa mwenye akili atauliza: nikiacha robo tatu ya watoto ilivyo, si nabaki na robo ninayoweza kuipanga? Ndiyo, na hapo ndipo pa kufanyia kazi. Sisi Waislamu tumezoea kusema theluthi, kwa hadithi ya Saad bin Abi Waqqas, aliyeambiwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba theluthi inaruhusiwa na theluthi ni nyingi. Lakini kwenye Bukhari kuna maneno ya Ibn Abbas ambayo hayatajwi sana: alitamani watu washuke kutoka theluthi mpaka robo, kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa theluthi ni nyingi. Shehe wetu aliponisomea, nilicheka. Robo ya Ibn Abbas na robo ya Kinshasa zimekutana.

Nilikwenda kwake na hali yangu ilivyo, na hali yangu si ya kitabuni. Nina mke mmoja, watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mwislamu wa Kasongo, lakini mama ni Mkatoliki wa Katuba, hakosi misa, na ana umri wa kunizika. Kwa faraidhi mama yangu hanirithi, maana tofauti ya dini inazuia mirathi. Ila kwa kuwa si mrithi, mlango wa wasia uko wazi kwake. Yule asiyeweza kuandikiwa wasia ni mrithi, isipokuwa warithi wenzake wakubali. Nikasema basi naomba nimwandikie thumni nzima ya mali yangu.

Shehe alichukua kalenda ya ukutani, akaigeuza, akaanza kuandika nyuma yake kwa kalamu nyekundu. Kwanza gharama za mazishi. Pili madeni. Tatu wasia. Nne ndipo warithi. "Fanya kwamba mali yako, madeni yakishatoka, ni sitini na nne," akasema. "Mama yako thumni kwa wasia: nane. Zimebaki hamsini na sita. Mke wako thumni ya zilizobaki, si ya zote: saba. Zimebaki arobaini na tisa za watoto." Akainua kichwa. "Na wale wa serikali wanataka watoto wapate ngapi?"

Robo tatu ya sitini na nne ni arobaini na nane. Watoto wangu wana arobaini na tisa. Mama na mke kwa pamoja wana kumi na tano, chini ya robo. Tulitazamana. Hesabu ya faraidhi ya nyumba yangu ilikuwa imepita ndani ya sheria ya Kongo bila kugusa kuta. Haitakuwa hivyo kwa kila mtu, kwa mfano aliyebakiwa na mzazi mmoja Mwislamu, au mwenye wazazi wote Waislamu, atapata hesabu nyingine. Ndiyo maana nasema kaa na shehe anayejua kuhesabu kabla hujakaa na notere (mthibitishaji wa hati), usianze na notere.

Nilimuuliza pia kama ni vibaya wasia wangu upokewe na notere asiye Mwislamu. Akanisomea Sura ya Al-Maida, aya ya 106, ambapo mauti yakimfika mtu safarini anaruhusiwa kushuhudiza wawili waadilifu katika nyinyi, au wawili wengine wasiokuwa katika nyinyi. Wapo wanazuoni wanaosema ruhusa hiyo ni ya safari tu, akaniambia, kwa hiyo peleka na mashahidi wawili wa msikitini, usimwachie mtu neno la kusema. Nikapeleka.

Kwa notere mambo yalikuwa makavu. Kongo inakubali wasia wa aina tatu. Kuna unaofanywa mbele ya notere au afisa wa etasivil wa mahali unapokaa. Kuna unaouandika mwenyewe kwa mkono wako, ukautia tarehe na sahihi. Na kuna wa mdomo mbele ya mashahidi, wa mtu aliye karibu na kifo, ambao nisingependa familia yangu iutegemee. Sasa ile fomu ya WhatsApp si kitu kati ya hivyo. Imechapwa, umejaza nafasi tu. Maandishi ya mashine yanakubalika endapo kila ukurasa una maneno ya mkono wako yanayosema kwamba hati hiyo ni yako wewe. Nani ameandika hivyo kwenye fomu ya Kiingereza? Hakuna.

Notere aliisoma rasimu yangu kimya, kisha akaweka kidole kwenye mstari niliosema watoto wa kiume wapate mara mbili. "Papa, huu mstari mahakama itaufuta, na ikiufuta inaweza kuvuruga na mingine. Mke na mama, sawa, wako ndani ya robo. Watoto, hapana. Ukitaka, andika ombi."

Nikaandika ombi. Aya nzima, kwa Kifaransa cha notere na Kiswahili changu chini yake: kwamba mimi ni Mwislamu, kwamba mafungu ninayoyaamini ni haya, kwamba nawaomba wanangu wakishafikisha umri na mimi nimeshaondoka, wakae kwenye baraza la familia na wagawane hivyo kwa ridhaa yao, waandike na kusaini wote. Sheria haimzuii mtu mzima kumwachia ndugu yake sehemu ya fungu lake. Na hata kwa upande wa dini, wanazuoni wengi wanasema ridhaa ya mrithi inahesabiwa baada ya kifo, maana kabla ya hapo hana anachokimiliki cha kukiachia. Kwa hiyo zile karatasi ambazo akina baba wengine wanawasainisha mabinti zao leo, wakiwa hai na afya zao, ni za kujiridhisha tu.

Sikutaka wanangu wakutane na aya hiyo kwa mara ya kwanza siku ya kilio. Nikawaita kwenye simu ya video, wa nyumbani wakakaa sebuleni. Mzaliwa wa kwanza ni binti, yuko Johannesburg, muuguzi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Papa, naomba niulize bila kukosa adabu."

"Uliza, mama."

"Ada ya wadogo zangu nani anaituma?"

Mdogo wake wa Liège, Ubelgiji, alishusha macho. Kila mtu pale sebuleni alijua jibu. Nilimweleza alichonieleza shehe, kwamba fungu la mara mbili linakuja na mzigo: mwanaume ndiye mwenye wajibu wa kumlisha mke, watoto, na dada asiye na wa kumtazama, na fedha ya mwanamke ni yake peke yake. Akasema hilo analijua, alisoma madrasa kama wenzake. Shida yake ni kwamba anaona mafungu yanafuatwa na mzigo haubebwi. "Nitaisoma karatasi siku ikifika, Mungu aicheleweshe. Kama wameubeba, nitasaini kwa mkono mweupe."

Mama yao alitaka kumkemea, nikamzuia. Binti yangu hakuikataa sharia, aliwakataa wanaoitumia nusu. Na kwenye mji huu wapo wanaume wanaoikumbuka Sura ya An-Nisaa siku ya kugawana na dada zao tu. Hawaikumbuki siku ya kutoa matunzo ya nyumbani, wala mahari ya mama yao ambayo haikulipwa mpaka leo, na mahari iliyobaki ni deni, inatoka kabla ya senti ya mrithi yeyote.

Huyo huyo binti ndiye niliyemwandika kuwa msimamizi wa mirathi, tunayemwita likidateri. Usipotaja mtu kwenye wasia, kazi hiyo inamwangukia mkubwa wa warithi au yule watakayemchagua, na hapo ndipo baba mdogo mwenye sauti kubwa anapopata nafasi. Mke wangu alitaka kaka yangu. Nikasema kaka yangu ni mshirika wangu wa lori, atasimamiaje mali ambayo nusu ya hesabu zake iko mfukoni mwake? Hata mke wangu alikubali.

Lori lenyewe liko Ndola, limesajiliwa Zambia, na huko tuna akaunti ya benki ya mafuta na matairi. Nchi zilizorithi sheria za Kiingereza zinatenganisha mambo mawili: ardhi na nyumba hufuata sheria ya nchi zilipo, vitu vinavyohamishika hufuata sheria ya makazi ya kudumu ya marehemu. Mimi makazi yangu ni Lubumbashi, kwa hiyo lori la Ndola litagawanywa kwa hesabu ya Kongo. Ila benki ya Zambia haitatoa kwacha hata moja kwa sababu ya karatasi ya Kifaransa kutoka kwa notere wa Lubumbashi. Mahakama yao lazima impe mtu mamlaka kwanza, na inataka hati inayoeleweka kwao. Nikaandika wasia wa pili, kwa Kiingereza, mbele ya mashahidi wawili waliokuwapo kwa wakati mmoja, hakuna kati yao anayenirithi wala mke wa anayenirithi. Kaka yangu anayeishi kule alifanya wake pia, maana kwa mkazi wa Zambia anayeingia kwenye sheria yao ya 1989 ya waliokufa bila wasia, mgawanyo ni mwingine kabisa: watoto asilimia 50, mke 20, wazazi 20, wategemezi 10.

Hapa ndipo ile fomu inapouma. Karibu kila fomu ya Kiingereza inaanza na sentensi inayosema nafuta wasia wangu wote wa nyuma. Mtu wa London mwenye mali London haoni tatizo. Wewe umeshatumia dola zako kwa notere, una hati yenye mihuri, kisha mwezi uliofuata unasaini fomu ya grupu kwa ajili ya akaunti ya Ndola, na kwa sentensi hiyo moja umeiua hati ya Lubumbashi. Warithi watagundua ukiwa hauko tena wa kuulizwa. Kwenye wasia wangu wa Zambia nimeandika wazi kwamba unahusu mali iliyoko Zambia tu na haufuti hati niliyoifanya Kongo tarehe fulani mbele ya notere. Ule wa Kongo nao unautaja ule wa Zambia. Nikibadilisha mmoja, nautazama na mwingine.

Binti wa Johannesburg aliona nimehangaika, akaandika wake. Kwake ilikuwa rahisi: mashahidi wawili, kila mmoja awe na umri wa miaka 14 au zaidi, yeye asaini kila ukurasa, na shahidi asiwe mtu anayepata kitu humo, wala mume au mke wake, asije akakosa. Mafungu yote ya faraidhi ameyaweka kama yalivyo. Hakuna notere aliyemwekea kidole.

Wa Liège ndiye aliyenishangaza. Anaishi Ubelgiji, ana mke na mtoto. Tangu tarehe 17 Agosti 2015 nchi nyingi za Umoja wa Ulaya zinafuata kanuni moja, namba 650 ya mwaka 2012: mtu akifa, mirathi yake yote inafuata sheria ya nchi alikokuwa akiishi, isipokuwa kama aliandika kwamba anachagua sheria ya uraia wake. Yeye alikuwa ameandika kwa fahari, "Nachagua sharia ya Kiislamu." Haifai. Kanuni inakuruhusu kuchagua sheria ya nchi, si ya dini. Basi achague ya Kongo? Tukahesabu. Sheria ya Kongo inamfungia robo tatu kwa ajili ya mtoto. Ya Ubelgiji, tangu mageuzi yaliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2018, inawafungia watoto nusu tu, hata wawe wangapi, na mke ana haki zake kwenye nyumba ya familia. Nusu ya pili ni yako. Mwislamu wa Kikongo anayetaka kufuata Kurani ana nafasi kubwa zaidi Liège kuliko Lubumbashi! Nikamwambia abaki na sheria ya Ubelgiji, aache maneno makubwa, aandike mafungu kwa namba: huyu kiasi hiki, yule kiasi kile. Jaji wa kule hajui thumni ni ya nani, lakini anajua moja ya nane.

Wasomaji wa Kenya mna njia fupi kidogo. Tangu 1990 sheria yenu ya mirathi imewatoa Waislamu ndani yake, na Kadhi ametajwa kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 170, mradi wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Tanzania Bara mirathi ya Kiislamu inasikilizwa hata katika Mahakama ya Mwanzo, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanapokea wasia na kuutunza. Lakini ndugu zangu Wakongo mnaonunua "nyumba ya Kigoma" kwa jina la shemeji, mjue kwamba sheria ya ardhi ya huko ya 1999 haimpi mgeni ardhi nje ya uwekezaji. Nyumba hiyo kisheria ni ya shemeji. Msiiandike kwenye wasia, kaeni na shemeji mkiwa hai. Na wenye akaunti Dubai, benki ikishajua mwenye akaunti amefariki inafunga mpaka mahakama itaje warithi. Mahakama ya kule inafuata sharia kwa Mwislamu, hilo si tatizo. Tatizo ni hati zako za ndoa na za watoto, ziwe zimetafsiriwa na mtafsiri aliyeapa na zina mihuri yote ya Mambo ya Nje na ubalozi. Ziandaeni sasa.

Na nyinyi wenye wake wawili, najua mnasoma. Kongo haitambui ndoa ya mke wa pili, na nikaha ya msikitini peke yake, hata kwa mke wa kwanza, haimfanyi kuwa mjane mbele ya sheria. Watoto wake mkawatambue etasivil, wakishatambuliwa wana haki sawa na wenzao. Yeye mwenyewe hana fungu lolote la serikali. Kinachoweza kumfikia ni kile mtakachomwandikia ndani ya ile robo, na mwandike pale pale kwamba hilo ni fungu lake la mke kwa sharia, si zawadi ya juu, asije mke mwenza akasema amepewa mara mbili. Kukaa kimya mkitegemea wakubwa wataelewana ni kumwachia mwanamke vita.

Orodha ya madeni nimeiweka kwenye karatasi tofauti, kwa mkono, na naibadilisha kila hesabu zinapobadilika: fedha za wateja nilizoshika kwa ajili ya ushuru ni amana, si mali yangu, na mke wangu anajua zimo kwenye akaunti ipi. Mazishi ni mahali nitakapofia, kama ni Ndola basi Ndola, wasichangishe watu kusafirisha mwili. Nakala ziko kwa notere, kwa shehe, na kwa binti yangu. Shangazi yangu wa Goma aliunguliwa na karatasi zote za lupango lake tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipomwaga moto hadi katikati ya mji, na nakala iliyokuwa kwa kaka yake Kindu ndiyo iliyompa pa kuanzia kwa konservata, msajili wa hati za ardhi.

Limebaki jambo moja. Mtoto wa Liège ameomba uraia wa Ubelgiji. Katiba yetu inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine, kwa hiyo siku atakayoupata ule, huu umemtoka. Na kwa sheria ya ardhi ya 1973 haki ya kudumu juu ya lupango ni ya Mkongo tu, mgeni anapewa ya muda, miaka 25 inayoweza kufanywa upya. Kurithi atarithi, lakini jina lake haliwezi kukaa kwenye cheti cha lupango kama la wenzake. Notere ameniambia tusibadilishe kitu mpaka jibu la Wabelgiji litoke. Likitoka, fungu lake nitalielekeza kwenye lori, na lupango libaki kwa watatu wenye pasipoti ya hapa. Kaka yangu ameshaanza kuuliza lori lenyewe lina thamani gani.